Jirani wa Chini

Mfuko ulirudi umelowa kwa ndani.

Mshonaji aliugeuza na kuukung'uta mlangoni, matone yakadondoka kwenye sakafu ya korido. Kwa nje ulikuwa mkavu, umekunjwa vizuri pembe kwa pembe. Ulikuwa mfuko wa kitambaa, alioushona mwenyewe kwa mabaki ya pazia la mteja, na kama kuna kitu alichokijua vizuri ni kitambaa: hakilowi upande mmoja. Aliingiza mkono tena. Maji yalikuwa baridi, na yalinuka kama chombo kilichofunikwa kwa muda mrefu. Akauanika kwenye kamba, akarudi kwenye cherehani, akajiambia kwamba aliyeazima koti huenda alikuwa na haraka.

Koti lilikuwa la mumewe. Mumewe alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Fundi kana kwamba hapakuwa na fundi mwingine. Alikufa ndani ya tangi la maji lililochimbwa chini ya ua wa jengo lao, alikoingia mchana kuziba ufa. Hewa ya mle ndani ilimwishia. Walipomtoa alikuwa na fulana tu. Koti alikuwa amelitandika kando ya mfuniko, kama mtu anayejua atarudi kulichukua muda si mrefu.

Aliyemshauri kuviondoa vitu ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kusaidia. Alikuja Jumamosi moja, akafungua kabati, akasimama akiliangalia. Alisema nguo za marehemu zikikaa sana ndani zinawazoesha walio hai kusubiri. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuonekana analia, akaongeza kwamba hata alipokuwa hai kaka yake alikuwa na shati moja tu la maana, na hilo alinunuliwa na yeye.

"Viweke kwenye Mlango," alisema. "Vitapata watu. Unavifungia humu ili nani avae, nondo?"

Mlango kwa Mlango lilikuwa jukwaa la simu la watu wa mtaa huo. Lilianzishwa na dada mfamasia, mwenye duka la dawa kwenye kona, aliyechoka kuona nyumba hii ina ngazi mbili zinazoota kutu na nyumba ya jirani inabadilisha taa kwa kupanda juu ya ndoo. Humo majirani walipeana na kuazimana: ngazi, sufuria kubwa, kitanda cha mtoto mchanga, magongo ya mguu uliovunjika, hata saa chache za kukaa na mgonjwa. Kila aliyejiunga alidhaminiwa na mwanachama mmoja. Na kulikuwa na desturi waliyoitunza kuliko zote: mhitaji haonwi. Mwenye kitu anakiweka kwenye mfuko nje ya mlango wake, anafunga, anaendelea na shughuli zake. Mhitaji anapita, anachukua, baadaye anarudisha mfuko umekunjwa. Hakuna hodi, hakuna kuulizana, ili mtu asione haya kwa kukosa. Watu waliipenda desturi hiyo. Walisema ndiyo iliyowafanya waishi kama ndugu.

Mshonaji alipiga picha ya koti, akaandika: koti la kazi, zito, mifuko minne. Chini palikuwa na vitufe viwili, Natoa na Naazimisha. Kidole chake kilining'inia juu ya kile cha kwanza mpaka skrini ikazima. Akaiwasha. Akabonyeza cha pili. Jukwaa likamuuliza kitu kirudishwe lini, naye akaandika: nitakapokihitaji.

Wifi yake alichungulia juu ya bega lake. "Sasa wewe unaazimisha koti la marehemu? Akirudi alivae?"

Ulikuwa mzaha. Mshonaji alisema kwa sauti ndogo kwamba kile kitufe kingine hawezi kukibonyeza, hata kidole kinakataa. Wifi akakivuta kichwa chake, akakiegemeza tumboni mwake, akasema basi, azimisha tu, mradi vitoke.

Koti lilichukuliwa jioni hiyo hiyo. Aliyelichukua alijiita Jirani wa Chini. Mshonaji hakuona ajabu. Kwenye Mlango kila mtu alijiita alivyotaka, na kuna mwanamume mzima, kinyozi wa ng'ambo ya ua, aliyejiita Malaika wa Nywele.

Baada ya koti, Jirani wa Chini aliomba buti. Kisha kofia. Kisha sanduku la spana. Aliandika kwa adabu, maneno machache: asante jirani, vinanienea. Mshonaji alianza kumpenda kidogo mtu huyo asiyemjua. Alimfikiria kama kijana aliyepata kibarua bila vifaa, mwenye kimo cha mumewe, anayetembea mahali fulani mjini akiwa amevaa joto la koti lile. Wazo hilo lilimfariji kiasi kwamba siku Jirani wa Chini alipouliza, "Mto wake je, upo?" hakujiuliza yule amejuaje kwamba vitu vyote ni vya mtu mmoja. Aliutoa mto kitandani. Alikaa nao mapajani mchana kutwa bila kushona chochote. Ulikuwa bado unanuka jasho lake na ile gundi ya mabomba isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Kisha akauweka kwenye mfuko, kwa sababu mtu anayeazima mto wa mwenzake lazima amekosa kweli kweli.

Kila mfuko ulirudi umekunjwa vizuri, na kila mfuko ulirudi umelowa kwa ndani.

Harufu ilianza koridoni. Mwanzoni ilikuwa ya maji yaliyotuama, halafu chini yake ikaingia ya gundi, nyepesi, inayokuja na kupotea kama mtu anayepita mbele ya mlango bila kusimama. Kisha ikawa milio. Fundi, enzi zake, alikuwa na tabia ya kugonga bomba kubwa la uani kwa spana kila aliporudi kazini, na binti yao alikuwa anakimbilia jikoni kujibu kwa kijiko kwenye bomba la sinki. Ndiyo ilikuwa salamu yao. Sasa mshonaji, akiwa amelala mchana na mgongo wake uliochoka, alisikia bomba likigonga. Alijiambia ni hewa ndani ya maji. Mumewe mwenyewe ndiye aliyewahi kumweleza kwamba hewa ikinaswa inagonga. Lakini hewa haisubiri kujibiwa. Mlio ulikoma, na jikoni kikasikika kijiko.

Binti aliitwa Chiriku, kwa kuwa alianza kupiga soga kabla hajajua kutembea. Tangu mazishi alikuwa amekauka. Ukimuuliza kitu anajibu kwa kichwa. Ndiyo maana mshonaji alipomkuta jikoni amepanda juu ya kigoda, mdomo karibu na bomba, akinong'ona na kutabasamu, moyo wake ulifurahi kwanza, kabla haujaogopa.

Wa kwanza kusema jambo lile kwa sauti alikuwa kinyozi. Alikuja jua linazama, mtu wa vichekesho ambaye siku hiyo hakuwa na kichekesho, akasimama nje ya kizingiti akisugua mikono. Alisema samahani shemeji, sikutaka kukusumbua. Alisema amemwona mtu amevaa koti la Fundi, amechuchumaa kwenye mfuniko wa tangi, amewapa watu mgongo. Alimsalimia, hakujibiwa. Akadhani ni yule aliyeliazima, akamsogelea kumwambia pale si mahali pa kukaa, kuna mtu amekufa pale.

"Halafu?" mshonaji aliuliza.

Kinyozi alishusha sauti mpaka ikabaki pumzi. "Nimemnyoa Fundi miaka yote, shemeji. Kisogo chake nakijua kama kiganja changu. Kile kisogo kilikuwa chake, lakini hakikuwa na nywele wala ngozi. Kilikuwa kama maji yaliyosimama ndani ya kofia."

Alipoondoka, mshonaji alifunga mlango na kuichukua simu yake, ambayo Chiriku alikuwa akiichezea. Alifungua mazungumzo na Jirani wa Chini. Alitegemea kukuta zile shukrani chache. Alikuta mazungumzo marefu asiyoyajua, ya mchana, ya saa alizokuwa kichwa chini kwenye cherehani. Jirani wa Chini alikuwa ameandika: nina kila kitu ila sauti. Chini yake, moja baada ya nyingine, zilipangwa sauti za Fundi zilizokuwa kwenye simu: ile ya kuuliza kama mkate umebaki, ile ya kusema amekwama kwa mteja, ile ya kumwimbia Chiriku siku ya meno yake ya kwanza kung'oka. Kisha Jirani wa Chini ameuliza: alicheka vipi? Na Chiriku, kwa sauti yake mwenyewe, amejibu, akicheka kama baba yake, kicheko kinachoanzia puani na kupanda mpaka kinavunjika.

Mshonaji alimwita mtoto, akampakata, akamuuliza kwa upole ambao haukuwa wa kweli ni nani anayezungumza naye.

"Jirani," Chiriku alisema. "Nimemwazima tu. Wewe si unamwazima?"

"Jirani gani, mwanangu?"

"Wa chini."

Hapo ndipo mshonaji alipolielewa jina lile. Walikuwa wanakaa ghorofa ya chini kabisa. Chini ya jiko lao palikuwa na zege, na chini ya zege palikuwa na maji.

Alimbeba mtoto hivyo hivyo, bila viatu, hadi duka la dawa. Dada mfamasia aliwahudumia wateja wawili waliobaki, akavuta lango nusu, akafungua kompyuta yake. Alisema siku zote alidhani akaunti ile ni ya mtu fulani wa ghorofa ya chini anayejitania. Akatafuta aliyemdhamini. Mshonaji aliona uso wake ukibadilika rangi kwenye mwanga wa kioo.

"Ni Fundi," mfamasia alinong'ona. "Alimdhamini mchana ule. Ule mchana aliofia tangini."

Na mshonaji akafanya kosa ambalo mtu yeyote wa mtaa ule angelifanya. Vitu vyake vilikuwa mikononi mwa mtu asiyemtaka, na jukwaa lilikuwa na njia ya kuvidai. Alibonyeza: nakihitaji. Koti, buti, kofia, spana, mto, kimoja kimoja, huku mfamasia akimshika mkono akimwambia subiri kwanza, subiri. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. Nitarudisha vyote mwenyewe, mkononi. Kesho jua likizama.

Mtu pekee aliyemjia mfamasia akilini alikuwa Bi Mkunga. Alikuwa mkunga wa hospitali aliyestaafu, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, na watu walimwendea kwa mambo mawili: watoto wasiogeuka tumboni, na mambo yasiyosemwa barabarani. Alikuja kesho yake mapema alasiri, akaomba kiti chenye mgongo, akaomba aelezwe yote bila kuruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakufukiza kitu wala hakuchora kitu sakafuni. Alisema majini wa maji yaliyofunikwa hawana nyumba wala sura, wanakaa gizani wakisikiliza watu wanavyoishi juu yao. Wengi hawana ubaya, ni wapweke tu. Lakini jini akishaingia ndani kwa ruhusa hatoki, na anayemzoea, hasa mtoto, siku moja atafuatana naye kwenda kupaona anapokaa.

"Hajaiba kitu," Bi Mkunga alisema. "Hilo ndilo gumu. Mwizi ningemfukuza. Huyu anarudisha mali ya watu, na mwenye mali ndiye amemwita."

Mshonaji aliuliza afanye nini.

"Usimrudishie maneno makali. Usifungue. Vitu vyote alivyoviazima, umpe. Viwe vyake kabisa, asiwe na cha kurudisha. Lakini nikuambie mapema, mwanangu, ili usije ukanilaumu. Ukitoa umetoa. Alichokiazima kitakwenda naye chote, hakibaki hata kivuli chake kwako. Na alichokiazimisha mtoto, ni mtoto anayepaswa kukitoa. Wewe huwezi kumtolea."

Mshonaji alielewa. Alikwenda jikoni, akafungua bomba anawe uso, bomba likakohoa na halikutoa maji. Majirani wa juu walikuwa wanaulizana madirishani kama kuna aliyepata. Maji ya jengo zima yalikuwa yamekatika, kana kwamba yaliyokuwamo tangini yalikuwa na safari nyingine.

Jua lilipogusa mapaa, harufu iliingia chini ya mlango, safari hii haikupita, ilisimama. Wifi alikuwa amekuja pia, amekaa sakafuni amemshika Chiriku mapajani. Mfamasia alisimama karibu na dirisha. Hakuna aliyewasha taa kwa sababu hakuna aliyetaka kuvuka chumba. Kwanza waliisikia spana kwenye bomba la uani, ile salamu, na Chiriku akajipinda mikononi mwa shangazi yake. Kisha buti, zito, la mtu aliyefanya kazi kutwa, likipanda ngazi ya kibarazani, likaingia koridoni, likija taratibu na kila hatua ikiacha mlio wa kitambaa kinachokamuliwa, likipita mlango wa kwanza na wa pili bila kusita, kama mguu unaojua njia yake hata gizani, mpaka likasimama upande wa pili wa ubao ule mwembamba, na maji yakaanza kuingia chini ya mlango, membamba, safi, yakitafuta miguu yao kwa mstari ulionyooka.

"Mama Chiriku," sauti ilisema. "Fungua, nimechoka."

Ndivyo alivyosema kila jioni ya ndoa yao. Wifi alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na mtoto akamponyoka.

Mshonaji alimdaka mlangoni, vidole vya mtoto vikiwa tayari kwenye komeo. Alipiga magoti katika yale maji, akamkumbatia kwa nyuma, na mdomo wake ukiwa karibu na mbao akasema, "Wewe siye yeye."

Sauti ile ile ilijibu, lakini bila uchovu, kama mtu anayesoma maandishi: "Mimi ni jirani. Nimerudisha ulivyoniazima."

"Kwa nini ulivitaka?"

"Aliita majirani kule chini. Aliita sana. Ni mimi tu niliyesikia. Akaniomba nimfikishe nyumbani. Nikasema sina mikono, sina miguu, akasema nitapata. Nimepata. Nimemfikisha."

Pale dirishani mfamasia alitoa mlio kama mtu aliyechomwa sindano. Siku ile majirani walikuwa wote nyumbani, wote, kila mmoja na simu yake. Mshonaji aliegemeza paji la uso kwenye mlango. Hofu yake yote ilikuwa imekwisha ghafla, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hofu, kwa sababu upande ule wa ubao palikuwa na koti la mumewe, na harufu yake, na sauti yake, na mtu aliyetimiza ombi lake la mwisho, na ilichohitajika ni kuvuta komeo tu.

Nyuma yake Bi Mkunga alisema polepole, "Mtoto, mwanangu. Mfikirie mtoto."

Akaanza. Alisema, koti nimekupa, ni lako. Alisema, buti nimekupa. Kofia. Spana. Kila alichokitaja, kitu kilipungua upande wa pili: uzito, kisha mlio, kisha upana wa kivuli chini ya mlango. Alipofika kwenye mto, wifi akaja kumshika bega. "Mto nimekupa," alisema, na harufu ya gundi ikakatika katikati ya pumzi yake, na hapo hapo akasahau ilikuwaje. Alijua tu kwamba kulikuwa na harufu.

"Na sauti?" sauti iliuliza.

Mshonaji alimgeuza mtoto, akamtazama. Alimwambia amwambie jirani kwamba amempa sauti ya baba. Chiriku alitikisa kichwa. Alisema aliazimisha tu, hakutoa. Mama akasema anajua.

"Nikimpa, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi," mshonaji alisema. "Na mimi sitakuwa nayo pia. Tutakuwa hatunayo pamoja."

Mtoto alilia bila kutoa mlio, kama watu wazima. Kisha akaugeukia mlango. "Baba," alisema, halafu akajisahihisha. "Jirani. Sauti nimekupa."

Kile kilichokuwa nje kilisubiri. Hakikuwa tena na sauti ya kuuliza, lakini walijua kinasubiri nini, na kabla Chiriku hajafungua kinywa kikacheka. Kilianzia puani, kikapanda, kikavunjika, kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo la kipumbavu akiwa mezani na watu wake, na kwa muda kilipodumu wifi alicheka naye akilia, na mshonaji alicheka, na mtoto alicheka, wote wanne, pamoja na yule wa nje, kama watu wa nyumba moja.

"Na kicheko," Chiriku alisema.

Maji yalirudi kinyumenyume chini ya mlango. Waliyasikia yakishuka ngazi ya kibaraza, yakivuka ua, na mfuniko wa tangi ukigusa zege taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Jikoni bomba likakohoa, likaanza kutoa maji.

Bi Mkunga alisema imekwisha, waiache akaunti kama ilivyo. Aliyeondoka kwa heshima hafuatwi na matusi. Alipewa chai, akaiacha ikapoa.

Picha za Fundi zilibaki ukutani, kwa kuwa sura hakuna aliyeiazimisha. Zile sauti kwenye simu zilikuwepo pia, zikihesabu sekunde zake, lakini ukizifungua unasikia tu chumba ulimokaa. Kwa muda mshonaji alivumilia. Kisha Chiriku alianza kusimama mbele ya picha moja, ile baba yake amefungua kinywa na kufumba macho, akimuuliza mama kicheko kile kilikuwa kinasikikaje, na mama akifungua kinywa aigize na hakuna kilichokuja.

Kwa hiyo akafanya walichokizoea. Aliandika kwenye Mlango: natafuta kicheko cha mume wangu, mwenye kukikumbuka anisaidie.

Walikuja. Hakuna aliyejali tena desturi ya kutoonekana. Waligonga hodi, wakaingia, wakajaa mpaka koridoni. Mama wa ghorofa ya pili alijaribu. Mlinzi wa lango alijaribu. Mwisho akasimama kinyozi, ambaye siku zote alijua kuiga watu, akavuta pumzi, akakipata. Ilionekana amekipata kweli, kwa sababu chumba kizima kilipasuka, watu wakashikana, wifi akainama na kushika mbavu, machozi yakimtiririka. Mshonaji na Chiriku walikuwa wamekaa pamoja kitandani. Waliona mabega ya kinyozi yakitikisika na kinywa chake kikifunguka. Hawakusikia kitu. Mtoto aliwatazama watu mmoja mmoja, kwa adabu, akisubiri waanze.

Walipokwisha kuondoka simu iliwaka. Kulikuwa na jibu moja zaidi chini ya ombi lake, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Ninacho, Jirani wa Chini alikuwa ameandika. Kukirudisha siwezi, nilipewa. Lakini sisi ni majirani. Naweza kukuazima.

Asubuhi dada mfamasia alipiga simu kuuliza kama sasa aifunge ile akaunti. Mshonaji alimwangalia Chiriku, aliyekuwa akinywa uji bila kusema neno. Alimwambia mfamasia aiache kwanza.